Kilo Hamsini na Nne za Majken

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, Ragnhild Hed alilegeza nati ya mwisho ya kibanio cha springi, akasogea hatua moja kando kama afanyavyo fundi yeyote anayeyapenda meno yake, akaitazama springi ya kushoto ikijinyoosha. Ilijinyoosha taratibu, kwa mlio mwembamba, mpaka ikasimama juu ya meza ya kazi ikiwa na urefu wa sentimita thelathini na nane. Börje, mshirika wake kazini kwa miaka ishirini, aliuandika urefu huo ukutani kwa chaki. Kisha Ragnhild akaigeukia springi ya kulia. Alilegeza nati zote, akakiondoa kibanio, akakitundika msumarini. Springi ilibaki vilevile ilivyokuwa ndani ya gari, imejikunja, sentimita thelathini na moja, ingawa juu yake hapakuwa na kitu.

"Imechoka," Börje alisema.

"Iliyochoka hulegea. Igonge uone."

Börje aliigonga kwa spana. Ikatoa sauti kavu, fupi.

"Haya, haijachoka," alikubali. "Imebeba."

"Imebeba nini?"

"Mimi nitajuaje? Gari la Sture, springi ya Sture. Mimi ni mtu wa chaki tu."

Akaandika thelathini na moja, wakaenda kunywa kahawa.

Gari lenyewe lilikuwa Ford Falcon ya mwaka 1963, nyeupe kama maziwa yaliyoganda, mali ya Sture Ekstrand. Lilikuwa limekaa miaka hamsini na miwili katika ghala la nyasi, chini ya turubai, magurudumu yamezama udongoni. Pale Ljusbäck, kijiji cha watu mia nne kati ya msitu na ziwa, mwanamume asiye na gari la Kimarekani huulizwa anaumwa nini. Majira ya joto yakifika, magari hayo hutoka mabandani, yakapita barabarani polepole, madirisha wazi, wazee wamevaa kofia, wakipungiana mikono kana kwamba hawajaonana tangu vita, ilhali walikutana jana dukani wakinunua viazi. Sture, mwenye miaka sabini na miwili, alikuwa mwenyekiti wa heshima wa chama chao. Mwaka huu chama kilikuwa kimeamua gari la kuongoza msafara wa kwanza wa majira liwe lake.

Alitaka lishushwe pua kidogo na limbebe vizuri. Katika gari la aina ile, springi hukaa peke yake ndani ya mnara wa chuma, juu ya mkono wa gurudumu, na shokapu hupita katikati yake. Sture alitaka vyote viwili vitolewe, viwekwe shokapu za kisasa, zile zilizovaa springi yake kwa nje kama koti, zenye mwili wa nyuzi kama za skrubu na pete ya kuzungusha. Ukiizungusha pete upande huu pua hupanda, ukiizungusha upande ule hushuka. Kwa kazi hiyo lazima mdomo wa mnara ukatwe, bamba la chuma lichomelewe, na mkaguzi wa serikali aje aweke sahihi. Kwa mwendo wa kilomita themanini hapakuwa na mtu ambaye mkaguzi aliziamini chomeo zake isipokuwa Ragnhild. Kwa hiyo Sture alimletea.

Kijiji kizima kilijua kwamba hilo ndilo gari alilofia Majken, dada yake Ragnhild. Hakuna aliyelisema. Watu mia nne wakianza kukwepana kwa sababu ya yaliyopita, nani atabaki wa kumsalimia? Ragnhild alipokea funguo, akasema kazi itachukua wiki tatu.

Zamani, nchi ile yote iliendesha magari upande wa kushoto. Usukani nao ulikuwa kushoto, kwa hiyo dereva alikaa juu ya mtaro, na aliyeona barabara mbele ya lori ni abiria wake. Dereva aliyetaka kulipita lori alimuuliza aliye pembeni, "Kweupe?" na aliye pembeni alichungulia akajibu, "Kweupe," au, "Subiri." Ndoa nyingi za wilaya ile zilianza kwa maneno hayo mawili. Kisha ikafika Jumapili ya tarehe tatu Septemba, mwaka 1967, serikali ikahamisha kila kitu kulia kwa asubuhi moja. Vibandiko vyenye herufi H, ya neno la kwao lenye maana ya kulia, viligawiwa kila nyumba, watu wakavibandika kwenye dashibodi wasisahau. Wengi walisahau hivyohivyo. Ng'ombe ndio hawakupata shida.

Siku kumi na tatu baadaye, Jumamosi jioni, Falcon ile ilitoka kwenye dansi ikiwa na watu wawili: Sture, miaka ishirini, na Majken Hed, miaka kumi na tisa. Kwenye kona ya kinu cha mbao ilikutana na lori la magogo. Falcon ilikuwa upande wa kushoto, upande wa zamani. Iliruka mtaro, ikabiringika mara moja, ikawatupa wote wawili nje, ikasimama tena kwa magurudumu yake kama farasi aliyemaliza kazi. Sture alivunjika mtulinga. Majken alivunjika shingo.

Akiwa kitandani hospitalini, Sture aliwaambia polisi kwamba Majken ndiye aliyekuwa anaendesha. Alimbembeleza tangu dansini, naye Sture akampa usukani, msichana akasahau upande. Watu waliamini bila taabu, maana wiki zile hata mchungaji alikuwa amesahau mara mbili. Mama yake Majken alioka keki ya lozi, akaipeleka hospitalini kuomba msamaha kwa kuwa binti yake nusura amuue mtoto wa watu. Ragnhild alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyeibeba sahani ya keki. Aliambiwa apige goti kidogo na aseme samahani, akafanya hivyo, na Sture, mkono wake ukiwa umefungwa kifuani, akasema, "Si kitu."

Sture alipokuwa mtu mzima, alianza kwenda mashuleni kila mwezi wa tano kuwafundisha watoto usalama barabarani. Alikuwa na sauti nzuri. Aliwasimulia habari ya msichana aliyesahau upande. Watoto walilia, wakaenda nyumbani, wakakua. Hata leo mtu wa Ljusbäck akitoka upande usiofaa, aliye naye garini humpigia kelele, "We! Usinifanyie Majken!" Halina ubaya, ni neno tu la kijijini. Ragnhild mwenyewe alikuwa amelisema, zaidi ya mara moja.

Maana yeye pia aliamini. Aliamini kwa hasira. Mama yao alipofariki, Ragnhild aliacha kwenda makaburini. Kwa miaka kumi na tisa hakupanda ua hata moja pale, na alipopita kando ya ukuta wa kanisa alisema moyoni, Mjinga wewe, ungetazama mbele.

Basi kazi iliendelea. Ragnhild aliikata midomo ya minara kwa grenda, akachomelea mabamba, akayasugua mpaka mshono ukawa laini. Börje alifunga shokapu mpya, springi zake nyekundu, pete zimezungushwa sawasawa, mizunguko minne kushoto, mizunguko minne kulia. Ijumaa asubuhi walishusha jeki, gari likakanyaga sakafu. Wakati uleule springi kuukuu ya kulia, ile iliyokuwa mezani, ilijinyoosha yenyewe ikafika sentimita thelathini na nane. Börje akaifuta thelathini na moja ukutani.

Falcon ilikuwa imelala kulia. Ragnhild alipima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kulia palikuwa chini kwa milimita kumi na tisa.

"Umefunga vibaya," alimwambia Börje.

"Mimi?"

"Au tuseme paka."

"Paka angefunga kulia vizuri, yeye ndiko anakolala."

Walizitoa shokapu, wakazibadilisha pande, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Wakashusha tena. Gari likalala kulia kwa milimita kumi na tisa zilezile. Hapo Ragnhild akaenda stoo, akaleta vibao vinne vya mizani, kila gurudumu na chake, vilivyounganishwa kwa waya kwenye kisanduku kinachoonyesha namba. Bila mizani, shokapu za namna ile ni pambo tu. Unapima kila pembe, unamweka dereva wa mchanga kitini, mifuko yenye uzito wa dereva wa kweli, kisha unazungusha pete mpaka gari likae mlalo mmoja likiwa na mtu wake ndani.

Walisoma namba kabla ya kuweka mchanga wowote. Börje alijumlisha, akakitazama kitabu cha gari, akaondoa zile kilo sabini na tano ambazo serikali huhesabia dereva, akajumlisha tena.

"Limezidi kwa hamsini na nne," alisema. "Na zote ziko kulia. Mbele kidogo kuliko nyuma."

"Kwenye kiti."

"Kwenye kiti cha mbele, ndiyo."

Waliweka mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva, kilo themanini na nane, uzito wa Sture. Ilikaa kimya. Kisha Börje, ili kuhakikisha, akachukua mfuko mmoja wa kilo ishirini akauweka kwenye kiti cha kulia. Mfuko ulibaki juu, kiganja kimoja kutoka kwenye ngozi ya kiti, ukayumba kidogo, ukateleza mbele, ukaanguka sakafuni mwa gari. Akauokota, akauweka tena. Ukateleza tena, safari hii upande wa mlango.

"Ana magoti," Börje alisema.

Ragnhild alinawa mikono kwa sabuni ya mchanga, akaingia ofisini, akavuta droo ya chini iliyokuwa na karatasi za mama yake. Ripoti ya polisi ilikuwa kwenye bahasha ya kahawia. Alikuwa ameisoma mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, akairudisha. Ilikuwa na mistari michache iliyopigwa taipu. Marehemu: Hed, Majken Elisabet. Urefu: sentimita mia moja sitini na tatu. Uzito: kilo hamsini na nne. Mahali alipokuwa ndani ya gari: usukanini.

Alisimama mlangoni na karatasi ile mkononi, akawa anaitazama Falcon jinsi ilivyoinama kulia, upande ambao usukani haujawahi kuwepo.

Saa sita Börje alienda nyumbani kula, akaufunga mlango mkubwa nyuma yake bila kuulizwa. Ragnhild aliiondoa mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva, mmoja mmoja, akaketi yeye. Kibandiko cha H kilikuwa bado kwenye dashibodi, kimekunjamana pembe. Pembeni mwake kiti kilikuwa kimebonyea. Hakukuwa na baridi wala harufu ya pekee. Palinuka panya na mafuta, kama gari lolote lililolala ghalani.

"Nilikuita mjinga," alisema.

Aliilaza pembe ya kibandiko kwa kidole.

"Miaka yote, Majken. Kila nikipita kanisani. Mama alioka keki, nami nikaibeba, nikapiga goti. Nisamehe."

Kisanduku cha mizani kilionyesha namba zilezile. Ragnhild alitoka, akazunguka mbele ya boneti, akaufungua mlango wa kulia mpaka mwisho.

"Shuka basi, twende nyumbani. Chumba chako bado kipo, nimeweka cherehani tu mle. Nitaitoa."

Alisubiri. Nje lori la maziwa lilipita, kisha mtu mwenye baiskeli. Alisubiri mpaka saa saba kasoro dakika kumi, akiwa ameushika mlango. Hamsini na nne haikupungua hata gramu. Labda hakusikia, labda aliyemwahidi kumrudisha nyumbani jioni ile alikuwa mwingine, naye alikuwa anamngoja huyo. Ragnhild aliusukuma mlango polepole mpaka ukashika, akahakikisha hakuna kilichobanwa.

Sture alikuja Jumatatu kuona kazi ilipofikia. Aliingia akipiga mluzi, mfuko wa mikate ya mdalasini mkononi.

"Hamjambo hapa! Binti wa Hed, umemnyoosha mzee wangu?"

"Sijambo. Bado hajanyooka."

"Börje, wewe unalipwa kwa kula tu?"

"Na kwa kukaa karibu na mafuta," Börje alisema, akauchukua mfuko.

Sture aliinama chini ya madigadi, akazisifu chomeo, akasema springi nyekundu zinampendeza. Kisha akasimama nyuma, akaona lilivyolala. Akaviona vibao vya mizani. Akasoma namba, maana alikuwa mtu wa magari maisha yake yote na namba zile hazikumhitaji mkalimani.

"Aah," alisema. "Kumbe bado yumo."

"Yumo," Ragnhild alisema. "Kulia."

"Ndiyo, kulia. Alipenda dirisha lile. Alikuwa anatoa mkono nje." Sture alikwaruza shavu. "Ghalani nilikuwa nalisikia likilia springi, nikadhani ni baridi."

"Sture, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

"Nani mwingine? Hakujua kuingiza hata gia ya pili."

Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Börje aliacha kutafuna. Ragnhild aligundua kwamba ameshika kitambaa cha mafuta, akakiweka chini, akakikunja pande nne.

"Mkutano wa chama ni Jumamosi ijayo," alisema. "Watakupa kipaza sauti kabla ya msafara. Liseme hilo hapo. Sentensi moja. Sitaki polisi, sitaki gazeti. Nataka tu watu wa hapa walisikie kwa mdomo wako kwamba Majken alikuwa kulia."

"Jumamosi watakuwepo wajukuu wangu."

"Vizuri. Na wao wasikie."

Sture alitazama saa yake. "Wewe nirekebishie gari, Ragnhild. Nimeleta mikate, kuleni." Akatoka, na baada ya kitambo wakausikia mluzi wake tena, ukiendelea palepale alipoukatisha.

Börje aliiweka mikate juu ya pipa la taka, akafikiri, akaitoa, akaiweka mezani. Chakula kilikuwa chakula.

"Tusimrekebishie," alisema. "Liache lilale hivyohivyo. Apite mbele ya watu gari limeinama kama mlevi. Waulize kwa nini."

"Hawatauliza. Watasema fundi mbaya."

"Na waseme."

"Halafu yeye?" Ragnhild alionyesha kiti kwa kidevu. "Springi ikibeba zaidi ya kipimo chake, kila shimo shokapu inagonga mwisho. Anayegongwa ni nani? Sture yuko upande wa pili, amekaa kwenye mizunguko minne mizuri. Ni Majken ndiye atakayerushwarushwa."

Börje alimletea spana ya pete.

Kazi hiyo iliwachukua siku moja na nusu. Ragnhild aliipandisha pete ya kulia mizunguko sita, akaisikiliza, akaishusha nusu. Alitafuta ulaini wa shokapu kwa kuibonyeza pembe ya gari kwa mikono miwili na kuiachia, tena na tena, mpaka ilipopanda mara moja na kutulia, bila kutikisika mara ya pili. Aliongeza kipande cha mpira chini, kwa ajili ya mashimo ya barabara ya kinu. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya na hakufurahi. Jumatano saa tisa Falcon ilisimama mlalo kama maji kwenye beseni, mchanga wa Sture kushoto, dada yake kulia.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Aliitwa Anneli Rask, mwanamke mrefu mwenye tochi na futi ya chuma, ambaye haijawahi kusikika ametania mtu kabla ya chakula cha mchana. Sture naye alikuwepo, amevaa shati safi. Anneli alilala chini ya gari robo saa. Aligonga mshono kwa nyundo ndogo, akazungusha usukani, akaomba gari liwekwe juu ya mizani.

"Limezidi," alisema.

"Kuna mtu," Ragnhild alisema. "Kiti cha mbele, kulia. Kilo hamsini na nne."

Anneli alichungulia dirishani, akakitazama kiti kilichobonyea. "Wa muda au wa kudumu?"

"Tangu sitini na saba."

"Wa kudumu." Aliandika. "Ninayo magari mengine matatu ya namna hii wilayani. Lipo basi la zamani la timu ya hoki, hilo lina kumi na mmoja, na breki zake ni nzuri kuliko za gari langu. Hapa viti vilivyo wazi ni vinne tu. Nitawaandikieni watu wanne pamoja na dereva, wasizidi."

"Hapo ulipoandika mtu wa kudumu," Ragnhild alisema, "andika pia kwamba siye aliyekuwa anaendesha. Ripoti ya polisi inasema alikuwa usukanini. Mizani inasema alikuwa kulia. Umeiona mwenyewe."

Anneli aliigeuza fomu, akaikagua mbele na nyuma kwa haki, hata akasoma maandishi madogo ya chini.

"Hakuna mahali pake," alisema. "Ninaloulizwa ni uzito ulipo. Nani aliendesha huulizwa na polisi, na kesi ya mwaka huo imeshafungwa, Ragnhild. Mpaka mwenyewe aseme." Alimtazama Sture. Sture alikuwa anafuta doa kwenye kioo cha pembeni kwa ncha ya shati. Anneli akasubiri kwa muda ambao mkaguzi anaweza kusubiri, kisha akagonga muhuri. "Limepita. Kazi safi kabisa. Sharti moja: gari likishabadilishwa hivi chini, abiria wa mbele hufungwa mkanda, aonekane asionekane."

Ragnhild alikuwa ameshafunga mikanda miwili mipya mbele. Falcon haikuwahi kuwa nayo.

Anneli alipoondoka, Sture aliingia kwenye kiti cha dereva, akarekebisha kioo, akashika usukani kwa mikono miwili. Wanaume wawili wa chama waliokuwa wamesimama barabarani na magari yao walipiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Shika kulia, mwenyekiti!" wakacheka wote, hata Sture. Akauvuta mkanda wake, akaufunga. Kisha akajiinamia kulia, akapitisha mkono juu ya kile kiti, akaushika mkanda wa pili, akauvuta taratibu asimkwaruze mtu, akaupeleka hadi chini. Kufuli likalia. Mkanda ulikaa ukiwa umetuna kifuani, umebana begani, na kwenye kiuno ulilala vizuri. Sture aliunyoosha mahali ulipojikunja. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu aliyewahi kufikiria namna ya kufanya.

Ragnhild alikuwa amesimama dirishani upande wa dereva. Aliona yale yote.

"Unajua alipo," alisema. "Umemfunga kwa mikono yako. Sasa sema. Usiseme Jumamosi, kama wajukuu wanakutisha. Sema hapa, kwake yeye na kwangu. Neno moja tu, Sture, nami sitakuuliza tena."

Sture aliwasha injini. Iliunguruma, ikatulia, na gari halikutikisika. Alisikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Umefanya kazi nzuri mno," alisema. "Jumamosi nitawaambia watu ni kazi yako. Hayo mengine nitayasimulia kama ninavyoyasimulia siku zote, maana ndivyo wanavyoyajua. Mama yako alikuja akaniomba msamaha, na mimi nikamsamehe. Kwangu yaliishia pale."

"Alikuomba kwa uongo wako."

"Aliniomba," Sture alisema, akaingiza gia. "Mimi siombi."